Kompaundi ya Mwalimu

Nikiwa mtoto kule ziwani, nyanya yangu alikuwa akianika omena mchangani. Wengine walikuwa na neti kuukuu za kuanikia, yeye hapana. Aliwamwaga hivyo hivyo, akawatandaza kwa kiganja, akakaa kando na fimbo akifukuza kunguru. Upepo wa mchana ukiamka ulirusha mchanga juu ya samaki, na jioni wakati wa kukusanya hukuweza kusema kama amekusanya omena wenye mchanga ama mchanga wenye omena. Tukila, meno yalilia. Mtoto akinung'unika, nyanya alimwambia, "Kula. Mchanga hauna mwiba." Hiyo ndiyo hekima yote aliyoniachia, na nimezunguka nayo miaka mingi bila kupata mahali pa kuitumia.

Nilipokuja huku kwenye majani chai kutafuta kazi, nilikuja na kagunia ka omena. Wenyeji waliwaangalia wakaniuliza hawa wadudu wanaliwa na watu ama na kuku. Nikawaambia wote wawili. Basi nikafanya kazi kiwandani, chumba cha chekeche, mahali chai kavu inatikiswa mpaka vumbi linaenda kwake na majani makubwa kwake. Kelele ya ile mashine ndiyo iliyonimaliza sikio la kushoto, kwa hivyo ukitaka kunisengenya kaa upande huo. Baadaye nikapata kipande cha shamba hapa Kiptere, nikajenga, nikaleta mke. Na mke wangu naye, kwa sababu damu haisahau, akatandika gunia karibu na ua akaanika omena.

Upande wa pili wa ua huo, ambao ulikuwa wa miti ya kayaba yenye miiba kama sindano ya daktari, ndiko alikokaa Mwalimu. Harufu ikavuka. Mwalimu akaifuata mpaka kwenye ua, akanichungulia kwa juu.

"Jirani, hiki ni nini?"

"Omena, Mwalimu."

"Sikuulizi jina. Nakuuliza, ni elementi, ni kompaundi, ama ni mchanganyiko?"

Mimi shule niliachia darasa la tatu. Nikafikiria, nikamwambia, "Ni mboga."

Akaomba kopo moja, akafundishie darasa lake namna ya kutenganisha vitu. Nikampa. Omena hawakurudi. Mchanga ulirudi, umeoshwa vizuri, umefungwa kwenye karatasi.

Ndivyo tulivyojuana, na ndivyo alivyokuwa. Alifundisha sayansi katika sekondari ya kutwa, akastaafu, lakini kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa serikali tu, yeye hakuambiwa. Kwake kila kitu chini ya mbingu kilikuwa cha aina tatu. Elementi ni kitu kimoja safi, hakina mwingine ndani yake, kama dhahabu, kama chuma. Mchanganyiko ni vitu vilivyokaa pamoja lakini havijuani, kama watu kwenye foleni ya hospitali. Ukitaka kuvitenga, unachuja, unachekecha, kila kimoja kinakwenda zake. Na kompaundi ni vitu viwili vilivyoshikana mpaka vimekuwa kitu cha tatu, na huwezi kuvitenga mpaka ulete moto ama umeme. Mimi niliyajua haya yote kwa masikio, tena sikio moja.

Hilo neno la kompaundi lilinifanya mjinga kijiji kizima. Kiangazi kimoja mfereji wetu ulikauka. Nikaenda kwa Mwalimu nikamkuta kwenye veranda anasoma gazeti, nikasimama nje ya geti nikaita, "Mwalimu, na maji?" Yeye alidhani nimeendelea na somo la jana yake. Hakuinua kichwa. Akasema, "Maji? Maji ni kompaundi." Kwa ulimi wake, ambao kwake k na g zilikuwa ndugu wa mama mmoja, ilitoka kama gombaundi. Sasa kila mtu hapa anajua kompaundi ni nini. Ni uwanja wa mtu, nyumba yake, ua wake na geti lake. Nikashukuru, nikapitisha mkono kwenye lile tundu la geti, nikafungua komeo, nikaingia na mtungi na kuchota kwenye tangi lake mpaka ukajaa. Aliponikuta pale alicheka akakaa chini. Kwa miaka alikihadithia kisa hicho, hata matangani, wakati watu wanahitaji kuchangamka. "Huyu jirani yangu," anasema, "aliambiwa maji ni kompaundi akaleta mtungi." Watu wanacheka, na mimi nacheka, maana ukikataa kucheka unachekwa mara mbili.

Nisiruke kompaundi yenyewe, ile ya geti. Ilikuwa nzuri. Nyasi zilizokatwa, miparachichi miwili, tangi la maji, nyumba ya mawe yenye veranda, na hiyo kayaba kuzunguka kama ukuta wa gereza la watu wema. Geti lilikuwa la buluu na komeo lake lilikuwa kwa ndani. Kila jioni Mwalimu alilifunga mwenyewe, akalitikisa kuona kama limeshika, kisha akatazama pande zote kama mtu aliyemaliza kuumba. Alikuwa akisema dhahabu haihitaji kuchanganywa na kitu, inahitaji mahali pa kukaa.

Dhahabu ni yeye. Watu wengine pia aliwapanga. Chifu alikuwa mchanganyiko, eti umwache atulie na uchafu utakwenda chini. Mhubiri wetu alikuwa mchanganyiko wa gesi. Mke wake, Mama Kiprono, alipouliza yeye ni nini, Mwalimu alisema bado anafanya utafiti. Mama Kiprono akasema, "Fanya, lakini utafiti wa leo utakula ugali mkavu." Alikuwa mama wa maneno machache ya aina hiyo.

Mwalimu alitembea na sumaku mfukoni, imefungwa kwa uzi. Akinunua unga, alizamisha sumaku ndani ya mfuko mbele ya mwenye posho mil, akaitoa, akamwonyesha vumbi la chuma kutoka kwa mashine yake ya kusagia. Siku moja kanisani, kikapu cha sadaka kikipita, akaona hiyo ni nafasi ya kuwaonyesha vijana kwamba sarafu si fedha safi. Akateremsha uzi. Sarafu zikaruka zikashika. Mzee wa kanisa akaona mtu anavua kwenye sadaka ya Bwana, akamshika mkono mbele ya watu wote. Walipotoka nje Mwalimu alikuwa bado anaeleza, na mzee wa kanisa alikuwa bado hajaachilia mkono.

Na chai. Hapa kwetu chai ni kila kitu, inalipa karo, inazika watu, na katika kila nyumba inapikwa namna moja: maji, maziwa, majani na sukari kwenye sufuria moja, inachemka pamoja mpaka inapanda. Mwalimu hakunywa hiyo. Alisema ni fujo. Alitaka maji ya moto kando, maziwa kando, majani kando, sukari kando, aunganishe mwenyewe akijua nini kimeingia wapi. Nilikwenda naye Sotik mara moja kutafuta dawa ya ng'ombe, tukaingia hoteli, akaagiza hivyo. Msichana wa hoteli alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kitambaa begani, akamuuliza, "Mzee, unataka chai ama unataka maabara?"

Mtu akisikia haya atadhani nilimdharau. Ngoja nieleze ya geti.

Kulikuwa na zile kura mbaya, sote tunazijua, sitazitaja zaidi. Sisi watu wa ziwani tuliokuwa hapa tulianza kulala na viatu, maana usiku nyumba zilikuwa zinachomwa. Asubuhi moja Mwalimu alikuja kwenye ua, hakuchungulia kwa juu, alikata kayaba kwa panga akatoboa tundu la kupita mtu akiinama, akasema, "Jirani, ingia na watoto. Leta na sufuria." Tulikaa ndani ya kompaundi yake mpaka mambo yakapoa. Binti yangu Akinyi alikuwa mdogo, na Kiprono wa Mwalimu alikuwa mdogo, wakacheza pale kwenye nyasi kana kwamba shule imefungwa kwa sababu nzuri.

Vijana walikuja. Nilikuwa nyuma ya tangi, niliwasikia. Mmoja akasema, "Mwalimu, fungua tu geti. Tunajua kuna watu ndani."

Mwalimu akasimama na mikono nyuma. "Nimekufundisha wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mnatafuta nini?"

"Tunatenganisha watu, Mwalimu. Kila mtu aende kwao."

"Kutenganisha. Vizuri. Nitajie njia za kutenganisha mchanganyiko."

Mwingine, sauti ya chini: "Kuchuja."

"Nyingine."

"Kuchekecha, Mwalimu."

"Nyingine. Wewe mwenye rungu, hebu weka chini unijibu. Chuma na mchanga utatenganisha na nini?"

Yule alikuwa ameficha rungu nyuma ya mguu kama mtoto ambaye hajafanya kazi ya nyumbani. Mwalimu akatoa sumaku mfukoni, akaipitisha kwenye vyuma vya geti, ikashika. Akawauliza kompaundi ni nini. Hakuna aliyejua. Akawaambia hawawezi kutenganisha kitu ambacho hawajui ni cha aina gani, warudi nyumbani wakasome. Akaanza kufundisha somo lenyewe tangu mwanzo, na jua lilikuwa kali, na wale waliokuwa nyuma wakaanza kuondoka mmoja mmoja kama siku zile za shule. Wa mwisho alisema "Asante, Mwalimu." Nakula kiapo, alisema asante.

Sasa huyo ndiye mtu. Tulipotoka kwake nilimshukuru, akasema hakuna haja. Kisha akaongeza, bila ubaya wowote, kama mtu anayekwambia mvua itanyesha, kwamba hata hivyo ukweli ubaki ukweli: watu wetu na watu wao ni mchanganyiko. "Tunakaa pamoja vizuri," alisema, "lakini tukitikiswa, kila mmoja anarudi kwake. Umeona mwenyewe." Aliyasema hayo na mkono wake ukiwa bado na michubuko ya kayaba aliyonikatia. Kukuficha, alikuficha. Kukuita mkwe ni maneno mengine.

Na maneno hayo mengine yalikuja. Lile tundu la kayaba halikuzibwa kamwe. Lilijulikana na kuku, mbwa, na Kiprono na Akinyi. Wakakua. Wakamaliza masomo, wakapata kazi, na siku moja wakatuambia wanataka kuoana. Mke wangu alifurahi. Mimi niliogopa. Mwalimu alikataa.

Alikataa mwaka mzima, kwa heshima. Alimpenda Akinyi, alimwita mwanangu, alimfundisha hesabu bure. Lakini ndoa hapana, kwa sababu ya mchanganyiko. Binti yangu alikonda. Mimi nilinyamaza, maana mtu aliyesimama getini kwa ajili ya watoto wako huendi kumpigia kelele. Aliyemmaliza ni Mama Kiprono. Walikuwa kwenye veranda na mimi nilikuwa upande wangu nikipalilia, sikio zuri likiwa kule.

"Mwalimu, kompaundi inatengenezwa na nini?"

"Elementi mbili. Na moto."

"Ni nani aliwafungia hawa watoto ndani pamoja?"

Mwalimu akakunja gazeti lake.

"Na nje kulikuwa na nini?" akasema Mama Kiprono. "Si kulikuwa na moto?"

Alikaa wiki nzima hatembei na sumaku. Kisha akakubali ifanywe koito, ile siku ya wazee wa pande mbili kukaa na kupatana. Ilifanywa kwangu, chini ya hema la kukodi, viti vikiangalia ua. Kaka yangu mkubwa alikuja kutoka ziwani na wazee wetu. Kaka ni mtu wa nyavu, hajawahi kusikia somo hata moja la Mwalimu, lakini ule usemi wake ulikuwa umemfikia, maana maneno mabaya hayalipi nauli.

Kaka akasimama. "Tumekula vizuri. Lakini nina swali moja, na bila jibu lake tutarudi na mtoto wetu. Tumesikia mzee wa hapa husema sisi ni mchanganyiko, tukitikiswa kila mtu anarudi kwake. Sitamwacha binti yetu mahali pa kutikiswa. Mzee aseme mwenyewe, mbele ya watu: Akinyi atakaa kwenu kama nini?"

Akinyi alikuwa amesimama na Kiprono pembeni, karibu na ua, na nyuma yao lile geti la buluu lilionekana juu ya kayaba iliyopunguzwa. Binti yangu aliangalia miguu yake. Mimi nilikuwa nimeshika kiti.

Mwalimu akainuka polepole. Akasema habari ya chumvi. Chumvi, alisema, ni elementi mbili, moja ukiiweka kwenye maji inalipuka, nyingine ukiivuta puani unakufa, lakini zikishaungana unazitia kwenye mboga na hulali bila hizo. "Mimi nimesema mengi," akasema. "Nilisema mchanganyiko. Nilikosea hesabu. Hawa wawili si mchanganyiko." Akanyoosha mkono kuwaelekea. "Hawa, kompaundi."

Mkono ulikuwa umewaelekea wao. Ulikuwa pia umelielekea geti.

Kaka akawageukia wazee wetu akawatafsiria kwa lugha yetu: mzee anawapa kompaundi. Wamama wakapiga vigelegele. Kaka akavuka hema akamshika Mwalimu mikono miwili. "Mzee, hilo hatukulitarajia. Sisi tulitaka neno tu, wewe umetoa boma."

Mwalimu akafungua mdomo. Akanitafuta kwa macho. Katika hema lile lote mtu wa ziwani aliyejua kosa hilo lilivyo ni mimi, niliyebeba mtungi. Nikaanza kuinuka nieleze.

"Baba Akinyi, kaa unywe chai isipoe," akasema Mama Kiprono kutoka kwa wamama. Kisha akainua sauti kidogo. "Mwalimu amesema kompaundi. Kuna mtu hapa hakusikia?"

Wote walikuwa wamesikia.

"Nimesema," Mwalimu akaanza, "lakini kwa maana ya..."

"Kama si kompaundi," mke wake akamuuliza, "ni mchanganyiko?"

Nimeona ng'ombe akisimama katikati ya daraja, hawezi kwenda mbele na hawezi kugeuka. Kaka alikuwa bado ameshika mikono yake. Akinyi alikuwa ameinua macho sasa. Mwalimu alimwangalia binti yangu muda mrefu, akaangalia miparachichi yake, akarudi kumwangalia.

"Ni kompaundi," akasema, na akaketi. Mhubiri akafunga kwa maombi, marefu, ya gesi.

Hakuna aliyemfukuza, mtu asije kusema hivyo. Baada ya harusi watoto walimwomba abaki nyumba kubwa. Lakini Mwalimu hakuwa mtu wa kutumia neno nusu. Akahamia chumba cha nyuma. Akaanza kupiga hodi kwenye geti lake mwenyewe. Akitaka parachichi alimwomba Akinyi.

"Baba, ni yako," Akinyi anamwambia.

"Ilikuwa," anasema Mwalimu, na anangoja apewe.

Binti yangu, kwa sababu damu haisahau, akatandika gunia kwenye zile nyasi akaanika omena. Kiprono akaing'oa kayaba palipokuwa na tundu, wakaweka njia. Mwalimu alikuwa akisimama pale kwenye njia, akitazama upande huu na upande ule, kama mtu anayetafuta mstari aliouchora kwenye ubao na kuna mtoto amefuta. Kisha akasema ana kipande chake kule Mulot, mahali pakavu, pa mahindi na ngano, ataenda kukaa huko. Mama Kiprono akauliza yeye aende Mulot kufanya nini, kuangalia ngano? "Mimi nimeshayeyuka hapa," akasema. Akabaki na mjukuu, maana wakati huo Akinyi alikuwa amezaa.

Mwalimu alikuja kwangu asubuhi ya kuondoka, mvua imetoka kukatika. Hakupitia ile njia ya kayaba. Alizunguka barabarani akaja kwa mlango wa mbele kama mgeni, na begi. Nikamkaribisha akakaa. Mke wangu alikuwa sokoni na mimi nilikuwa nimeachiwa mjukuu wetu, nikamweka magotini pake, akaushika ule uzi wa sumaku akawa anauvuta. Nikachukua chupa ya chai nikammiminia. Kikombe kilipokuwa tayari mkononi mwake ndipo nikakumbuka. Ilikuwa ile ya sufuria moja, imechemka pamoja. Nikasema, "Ngoja, Mwalimu, nikutengee."

"Acha tu," akasema.

Nilitaka kumchekesha, na sikuwa na kitu kingine. Nikamuuliza, "Na huyu je? Ni elementi, ni kompaundi, ama ni mchanganyiko?"

Akamwangalia yule mtoto, masikio ya kwao, paji la uso la kwetu.

"Ni mtoto," akasema.

"Sikuulizi jina, Mwalimu."

Akatabasamu upande mmoja. Akainua kikombe, akanywa yote mpaka majani ya chini, akanirudishia mtoto na kikombe. Uzi ulibaki kwenye mkono wa mtoto, na sumaku ikining'inia. Nilidhani atauomba. Alichukua begi akatoka, akapita mbele ya lile geti la buluu ambalo watoto walikuwa wameliacha wazi. Akalivuta likafungika. Akapitisha mkono kwenye tundu akatafuta komeo, akalisukuma, akalitikisa kuona kama limeshika. Kisha akashika barabara ya kuteremka.